Nilitaka kumtoa mama hospitali kwa hasira ya kipimo cha mishipa ya kichwa

Wakuu salaam. Nasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi ni mchinjaji hapa Katesh, kazi niliyorithi kwa mzee. Mama anaishi kijijini Gitting. Siku hiyo alikuwa anapepeta maharage, kichwa kikamshika ghafla, akatapika na kuanguka.

Tukapewa rufaa. Hospitali kubwa CT scan ikaonyesha mshipa wa kichwani umevimba kama puto na umeanza kuvuja. Ukivuja tena, tunamkosa.

Nikajua anaingia thieta siku ileile. Daktari akasema hapana, kesho kwanza kipimo kingine. Wanaingiza dawa kwenye damu, kisha wanapiga picha njia zote za mishipa.

Hapo nikawaka. "Daktari, mimi nimechinja ng'ombe mpaka nimezeeka. Mishipa iko palepale siku zote. Unasubiri nini?"

(Ukweli ni kwamba kichwa cha ng'ombe mimi napasua kwa shoka nauza supu. Mishipa ya ndani nimeiona wapi?)

Nikaanza kutafuta gari nimhamishe. Mama alikuwa anasikia yote. Akasema taratibu, "Mwanangu, huyu amesomea. Wewe kaa."

Nikakaa, nimenuna.

Kesho yake daktari akaniita kwenye kompyuta. "Watu wengi, sehemu ya mbele ya ubongo inalishwa na mishipa miwili, kulia na kushoto. Wakati wa kuziba lile puto, nikibana mmoja kwa muda, mwenzake anasaidia. Sasa angalia wa mama."

Wa kulia ulikuwa kama uzi. Wa kushoto ulikuwa unalisha pande zote mbili. Kumbe kazaliwa hivyo, wala si ugonjwa.

"Ningebana huu wa kushoto bila kujua, angeamka hakutambui. Au asingeamka."

Nikamwomba radhi, akacheka tu, akaenda kupanga operesheni upya.

Mama alipozinduka baada ya operesheni nikamwambia, "Shikamoo mama."

Kimya.

Nikarudia. Akafungua jicho moja. "Marahaba. Nimesikia tangu mwanzo, koo limekauka."

Wakuu, nililia mbele ya manesi, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilichojifunza: daktari akisema subiri kipimo, muulize sababu kabla ya kufoka. Haraka yangu ilikuwa ya upendo, na ingemzika mama.

Mliouguza mgonjwa wa hivi, wenu aliruhusiwa lini kushika jembe? Wa kwangu ameshashika, na hanisikilizi.