Bomba Nililolichora Itigi

Karakana ya reli pale Itigi ilifungwa miaka michache baada ya Uhuru. Mashine zake zilipakiwa kwenye mabehewa zikapelekwa kwingine, na mafundi wengi wakazifuata. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika namba ubavuni mwa mabehewa. Hakuna aliyenihitaji huko walikokwenda, nikabaki pamoja na jengo: banda refu la mabati, reli mbili zilizopita katikati ya sakafu, na shimo walimokuwa wakishukia mafundi kutengeneza injini kwa chini.

Banda halikukaa tupu. Ushirika ulikabidhiwa, wakaingia mafundi cherehani, maseremala, washona viatu na wanunuzi wa asali, ambao madebe yao yaliwavuta nyuki mpaka tukazoea kufanya kazi huku tukijipunga. Shimo lilifunikwa kwa mataruma ya zamani ya reli, likawa jukwaa. Jumamosi mchana ngoma zilipigwa hapo, wanafunzi wakatoa ngonjera, kwaya zikaimba, viongozi wakahutubia. Watu walitembea kutoka Mkiwa kuja kutazama. Nilipewa kona yangu ya kuandikia vibao vya biashara, na watu wakaanza kuniita msanii. Nililipenda jina hilo mno.

Wakati huo kuhamia vijijini kulikuwa kumeanza kwa nguvu. Siku moja katibu wetu alinisimamisha mbele ya ukuta wa ndani wa matofali, ule mrefu kuliko wote.

"Ndugu msanii," alisema, "tunapokea mgeni mkubwa. Nataka ukuta huu uwe kijiji kipya. Shule, zahanati, shamba la pamoja, na bomba la maji."

"Ndugu Katibu, bomba bado halijafika."

"Linakuja. Wewe chora yanayokuja."

Sikulazimishwa. Hilo nalisema kwa sababu nimewahi kulisimulia kwa namna nyingine, na nilikuwa naongopa. Niliamini. Nilichukua rangi nyekundu iliyobaki ya mabehewa, chokaa, masizi, na buluu moja niliyoiomba kwa fundi cherehani aliyekuwa akiipaka milango yake. Nilichora kwa wiki tatu. Buluu yote niliimalizia kwenye maji. Kwenye bomba nilimsimamisha mwanamke anayekinga ndoo, na kwa kuwa uso niliouweza vizuri ulikuwa mmoja tu, nilimpa uso wa mama yangu.

Mama alikuwa akiishi upande wa Mkiwa, kwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, aliyoijenga na marehemu baba, pamoja na mdogo wangu wa kike. Walikuwa wameambiwa wahame. Mama hakuwa na shida ya kuhama. Shida yake ilikuwa wapi. Kaka yake aliyekuwa akiishi Kilimatinde alikwisha kumtengea nafasi kwake, na kwake kulikuwa na kisima kisichokauka. Viongozi walikubali kwamba mwenye ndugu wa kumpokea kwenye kijiji kingine aende. Alikuja Itigi kuniuliza, mdogo wangu akimfuata.

Nilimwingiza mama bandani. Ilikuwa Jumamosi, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Alisimama mbele ya ukuta, akafuta macho kwa upande wa kanga, akasogea.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

Alicheka mpaka wanakwaya wakageuka. Kisha akaligusa bomba kwa kidole.

"Na maji haya, mwanangu, yapo?"

"Yapo, mama," nilisema. Sikusema yanakuja. Nilisema yapo.

"Basi sitakwenda kumbebesha kaka yangu mzigo. Kama wewe ndiye uliyechora, nitakwenda huko kijiji kipya."

Mgeni mkubwa alikuja, akapiga makofi mbele ya ukuta, akanishika mkono. Wiki ile ile mgambo walikwenda kwa mama na majirani zake, wakavunja mapaa ya matembe ili mtu asirudi. Wakazi walipelekwa kwenye uwanda uliofyekwa katikati ya vichaka. Shule ilikuwa alama za vigingi. Mahali pa bomba palikuwa na nguzo ya mti iliyochimbiwa ardhini, na katibu wa huko aliwaambia watu wasiing'oe.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa haba, mtama ukakaukia njiani. Wanawake walichimba mchanga kwenye mto mkavu, na kadiri kiangazi kilivyokaza ndivyo mashimo yalivyozidi kwenda chini, mpaka yakampita mtu kimo. Nilikwenda huko mara moja tu. Mama alinipa kikombe cha maji ya rangi ya majivu. Hakunilaumu.

"Uliambiwa vibaya, mwanangu," alisema. "Si kosa lako."

Heri angenitukana. Nilimwomba twende Kilimatinde. Alisema hawezi kumkimbilia kaka yake baada ya kumkatalia, heri angoje mavuno.

Alikufa asubuhi moja akiwa ndani ya shimo la mchanga. Mdogo wangu alikuwa juu akipokea ndoo kwa kamba. Ukingo uliporomoka kimya, alinisimulia baadaye, wala hakusikia kelele. Alichimba kwa mikono. Wanawake wenzake walipofika na majembe, kucha zake zilikuwa zimeng'oka.

Baada ya mazishi nilirudi Itigi na ndoo ya chokaa. Katibu wetu alinizuia mbele ya ukuta.

"Pole sana kwa msiba, ndugu. Lakini picha hii si yako tena. Ni mali ya umma."

"Nifute uso tu."

"Hata uso."

Siku chache baadaye, mchana, watu wakijaa kusikiliza ngonjera, nilichukua patasi ya seremala nikaukwangua uso wa mama mpaka tofali likaonekana. Hakuna aliyeniwahi, nadhani walifikiri ni sehemu ya maonyesho. Wengine walicheka. Nilifukuzwa bandani siku hiyo hiyo, kona yangu akapewa mwingine. Mshona viatu mmoja, mtu mwema tu aliyetaka kusaidia, alipaka chokaa kwenye jeraha lile akachora uso mwingine, mviringo, unaotabasamu. Shughuli za Jumamosi ziliendelea mbele yake miaka mingi.

Sikushika tena brashi. Nilibeba magunia stesheni mpaka mgongo ukakataa.

Mdogo wangu alichukuliwa na mjomba, akaolewa hukohuko Kilimatinde. Hakuwahi kunieleza lolote kuhusu ukuta, ila najua alikuwepo nyuma ya mama siku ile, akisikia nilivyojibu. Kila mwaka mimi huenda kumwona. Akiniona mlangoni huinamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Hunitandikia mkeka, huniletea chakula, kisha hukaa upande wa pili akipepeta uwele. Huwa najiambia safari hii nitakiri kwamba nilijua maji hayakuwapo. Jua hugeuka, nami huaga, naye hunisindikiza hadi mwisho wa ua kama desturi inavyotaka, halafu hurudi ndani bila kusubiri nitokomee.