Sigara Niliyomvutia Enosi

Kama umekuja kutafuta hadithi ya kukulaza usingizi, rudi kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa macho, nimesimama nyuma ya meza ya duka langu nikipima sukari. Sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuonja. Mchungaji wetu aliponisikiliza alisema ni huzuni tu iliyokuwa ikinichezea. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba huzuni haina mkono wa kupokea sigara.

Duka lilikuwa nje kidogo ya mji wa Kericho, pale barabara ya murram, ya udongo mwekundu, inapoacha lami na kuingia kwenye mashamba ya chai. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na mimi, mtu wa Maragoli, nikabaki huku nikiuzia watu wa kambi ya wachuma chai unga, chumvi, mafuta ya taa, sabuni, na sigara moja moja. Koroboi yangu iliwaka mezani kutwa nzima, maana mchumaji anayenunua sigara moja hanunui kibiriti. Anainama, anawasha, anakwenda zake.

Enosi alikuwa ndugu yangu, kitinda mimba wa mama. Mama alikufa Enosi akiwa bado ananyonya, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafunia viazi na kumbeba mgongoni. Alipokua mtu mzima nilimwita huku, nikamtafutia kazi ya kuchuma chai. Sigara alijifunzia huko shambani. Wewe hujui baridi ya asubuhi ya Kericho, majani yote umande, aproni ya mpira imekulowesha badala ya kukukinga. Mwenzako akikupa sigara upate joto, utakataa? Enosi hakukataa. Baada ya miaka kadhaa akawa haamki bila sigara, halali bila sigara, na kifua kikaanza kulia ndani kama mlango mbovu.

Mkewe, Rasoa, alikuja dukani siku moja na mtoto mgongoni. Hakutaka kuketi. Alisema, "Wifi, usimuuzie tena. Ukimuuzia wewe, mimi nitamlilia nani?"

Sasa nisikilize, na usinitolee macho hivyo. Nilifikiri sana. Nikimnyima, kuna maduka mengine mpaka stendi ya mjini, na huko hakuna anayemjali. Nikimuuzia, naona kila siku kinachomwingia kifuani. Basi nikajiona mwerevu. Nikasema nitampimia, kama ninavyopima sukari: moja asubuhi, moja jioni, basi. Nilijiambia hiyo ndiyo kazi ya dada. Kumbe mtu hapimiwi kitu kinachomla. Alikuwa akituma wenzake waje kwangu kununua kwa jina lao, nami ninawauzia huku nikitabasamu.

Nilipogundua, nilikata kabisa. Nikamwambia kwangu hakuna tena, hata akilia. Siku chache baadaye nilitoka nyuma ya duka kumwaga maji machafu, nikamkuta amechuchumaa kwenye matope, anaokota vipisi vilivyotupwa na wateja wangu na kuvikaushia kwenye shati. Mtoto niliyemtafunia viazi. Nilirudi ndani, nikachukua sigara mpya, nikampelekea. Wewe ungefanya nini? Watu wa kambi walikuwa wakisema sikio la kufa halisikii dawa. Ni rahisi kusema hivyo kama sikio lenyewe si la ndugu yako.

Alipoanza kutapika damu tulimpeleka hospitali ya misheni kule Kaplong. Mara ya mwisho nilipomwona nilimbebea uji wa wimbi kwenye chupa. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Uji aliusukuma pembeni, akanivuta sikio karibu na mdomo wake, akaniomba sigara moja tu. Hakuomba kuonana na watoto. Nilikasirika, nilimhurumia, sijui kipi kilitangulia. Nikamwambia vile unavyomwambia mtoto ili anyamaze: "Kunywa uji upone. Ukirudi kwangu nitakupa."

Akanywa. Alikunywa uji wote, akijilazimisha, macho yake kwangu. Kesho yake asubuhi akafa.

Tulimzika Maragoli, karibu na mama. Koti la bluu alilovaa nilimfunga vifungo kwa mikono yangu, Rasoa akinishikia taa. Halafu watu wakarudi kazini na mimi nikarudi dukani, na ndiyo, niliendelea kuuza sigara. Kila niliyempa niliona vidole vya Enosi vikipokea, lakini niliuza. Unga peke yake haulishi mtu mwenye duka.

Sasa fika hapa karibu. Ilikuwa alasiri, kabla ya mwezi kwisha tangu mazishi. Mvua ya mawe ikaanza. Kama hujawahi kuwa chini ya mabati mvua ya mawe ya Kericho inaponyesha, basi hujui kelele. Mtu akipiga ukelele ubavuni pako husikii. Barabara yote ilikuwa nyeupe, hakuna mtu, hakuna mbwa. Nilikuwa nikipima sukari, nikainua kichwa, na ndugu yangu alikuwa amesimama mbele ya meza.

Unajua nilichofanya kwanza? Nilimgombeza. Kweli kabisa. Nilimwambia, wewe na kifua hicho, umetembea kwenye mawe haya bila kofia? Ndipo nikaona kwamba koti la bluu lilikuwa kavu. Mabega makavu, nywele kavu, na vile vifungo nilivyofunga mimi. Mguu wangu ukakataa kutoka pale uliposimama.

Aliongea polepole, kwa sauti ya chini ileile ya hospitali, na katika kelele zote zile nilisikia kila neno.

"Dada, nimekuja. Ulisema nikirudi kwako utanipa."

Niambie, mtu anajibu nini? Nilitoa sigara, nikanyoosha mkono, akaipokea. Vidole vilikuwa baridi ya kawaida tu, baridi ya mchumaji wa asubuhi. Akainama kwenye koroboi kama zamani. Mwali haukutikisika. Akavuta, akavuta tena, mashavu yakaingia ndani, lakini sigara ilibaki nyeupe vilevile. Akajaribu upande mwingine wa mwali. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, ule mtetemeko ninaoujua, wa mtu aliyekaa tangu asubuhi bila kupata. Hapo hofu yote ilinitoka. Nani anaweza kumwogopa mtu anayetetemeka hivyo?

"Nilifikiri nikifa itaisha," alisema. "Haijaisha, dada. Kifua kimeisha, lakini kiu iko."

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, kwa sababu kaburini nilijifariji kwamba angalau amepumzika. Sote tuliambiana hivyo, si ndiyo? Tuliimba hivyo. Naye alikuwa hapo mbele yangu, hajapumzika hata kidogo.

Akanirudishia sigara. Akasema, vuta wewe, mimi nitasimama karibu.

Mimi ni mtu wa kanisa. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele cha akina mama tangu nilipoolewa, na sigara nilikuwa nimeishika kwa kuuza tu. Lakini alikuwa ndugu yangu. Niliwasha. Moshi ulinichoma koo, nikakohoa mpaka machozi yakachanganyika na yale mengine. Nikavuta tena, nikampulizia usoni. Akafumba macho, akainama juu ya meza, na uso wake ukalegea kama wa mtoto aliyesikia harufu ya chakula kikiiva. Nikaendelea hivyo, navuta na kumpulizia, mpaka moto ukafika kwenye vidole vyangu. Nilipokitupa kile kipisi cha mwisho na kutazama, mvua ilikuwa imekatika na yeye hayupo. Mlangoni mawe ya mvua yalikuwa yamejaa, meupe, hayajakanyagwa.

Rasoa ndiye aliyeingia wa kwanza, akirudi kutoka mtoni. Akakuta duka limejaa moshi na mimi nimekaa chini. Nilimweleza yote kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. Hakunibishia. Alisimama pale ameshika ndoo, halafu akaniuliza kitu kimoja tu.

"Aliniulizia mimi?"

Hakuwa amemuulizia. Hakumtaja Rasoa, hakuwataja watoto. Kwenye kinywa chake kulikuwa na sigara tu. Hilo ndilo lililonivunja moyo kuliko koti kavu, kuliko mwali usiotikisika. Kitu kile kilikuwa kimekula nafasi yote, hata upande wa pili.

"Alikusalimia sana," nikamwambia. Rasoa akaweka ndoo chini, akajifunika uso kwa leso. Mwaka uliofuata alirudi kwao na watoto, na mpaka leo anaishi na salamu hizo.

Enosi hakurudi tena. Lakini ungekuwa mimi, usingemngoja? Mvua ya mawe ikinyesha, nilikuwa nawasha moja, nasimama pale mezani na kupuliza kuelekea mlangoni, asije akafika akakosa. Baadaye nikawasha kwa mvua yoyote. Baadaye kwa wingu. Kericho wingu halikosekani, unajua mwenyewe. Halafu siku moja nilijikuta nimewasha na jua linawaka, kabla hata sijafungua dirisha la duka, na sikuwa nimemfikiria Enosi hata kidogo.

Kanisani nimehamia benchi la nyuma, karibu na mlango. Duka analishika mwanangu. Ameacha kuuza sigara kwa ajili yangu, kijana mzuri, na hajui kwamba natembea mpaka stendi. Usiku kifua changu kinalia. Nakijua hicho kilio, nilikisikiliza miaka mingi kwa mtu mwingine.

Wewe unayenisikiliza, na hasa kama una duka, shika maneno yangu. Usimpimie unayempenda kitu kinachomuua ukajiita mwerevu. Usimwahidi mgonjwa usichotaka kumpa, maana anaweza kuja kukidai. Na mimi siku zangu si nyingi. Ukisikia nimezikwa, halafu siku moja mvua ikupate peke yako, nami niwe nimesimama mbele ya meza yako na nguo kavu, usinihurumie. Usiniwashie. Niambie hakuna. Hata nikikulilia, niambie hakuna.