Fundi Aliyesema Anaogopa

Juzi asubuhi nilipigiwa simu kutoka Same. Mtu niliyefahamiana naye miaka mingi, fundi sanifu wa maabara ya udongo katika chuo kikuu kimoja, amefariki dunia. Alianguka ghafla nyumbani, na hadi gari linapatikana alikuwa amekwisha kukata roho. Wasomaji wangu hamtamjua. Majina yanayoandikwa kwenye ripoti za utafiti ni ya madaktari na maprofesa. Yeye alikuwa yule anayebeba koleo na kutia udongo kwenye mifuko. Namlilia kwa sababu niliwahi kumwona akiogopa, na siku ile ile nilijiona mimi nikiogopa, na hofu zetu hazikufanana hata kidogo.

Nilikuwa nimepanda na timu yao Milima ya Upare kuandika habari za ndiva, yale mabwawa madogo ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Ndiva waliyokuwa wakiipima ilikaa kwenye bega la mlima, na chini yake kulikuwa na nyumba, karibu kiasi kwamba ungesikia mtu akikohoa ndani. Fundi aliinama penye mguu wa ukuta wake wa udongo, akakinga kwa kiganja maji yaliyokuwa yakivuja, akaniita. "Jana yalikuwa maangavu. Tazama leo." Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. "Yakitoka safi, ukuta unavuja tu. Yakitoka na udongo, ukuta unaliwa kwa ndani. Ondoka hapa, ndugu yangu. Panda juu."

Nilipanda. Hilo ndilo ninalotaka kukiri leo. Njiani, palepale chini ya ukuta, nilimpita mama mmoja akifua mferejini, mtoto mgongoni. Akaniambia, "Karibu," nikamjibu, "Asante," nikaendelea kupanda bila kumwambia neno. Mpaka leo hajui kwamba nilikuwa najua. Nilipofika juu na kugeuka, nilimwona fundi akishuka mbio kuelekea zile nyumba, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, na yule mama akikusanya nguo zake mbichi.

Fundi alipopanda tena hadi nilipokuwa na kutaka ndiva ifunguliwe, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mtu mzima, alifika na jembe begani, amekasirika.

"Mahindi yanatoa mbelewele, wewe unataka tumwage maji? Hivyo vipimo vyako vinasema ukuta utapasuka lini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nijibu."

"Sijui, mama. Huenda usipasuke kabisa. Lakini naogopa." Akanyoosha mikono mbele yake. Ilikuwa ikitetemeka.

Mama aliitazama mikono ile, kisha akaenda mwenyewe kuzibua tundu la kutolea maji. Wakakubaliana ndiva ibaki tupu hadi ukuta ufukuliwe.

Ukuta haukupasuka. Wiki zikapita, mashamba ya chini yakakauka, na fundi aliporudi na wanafunzi kufukua, wapo waliokataa kuitikia salamu yake. Nilikuwapo. Siku ya pili walifikia pango ndani ya ukuta. Niliingiza mkono hadi begani nisiguse mwisho. Hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti alikaa chini palepale kwenye udongo, akayatazama mabati ya nyumba zilizo chini. "Wajukuu wangu wanalala pale," alisema.

Naandika haya mvua zikiwa zimeanza, na nina hofu. Vyuo vyetu vitaendelea kupeleka milimani vipimo bora kuliko vile alivyovibeba fundi, na ni vizuri. Ila kipimo hakishuki mteremko kwenda kumgongea mtu mlango, na wasomi wengi niliowajua husubiri wawe na uhakika kwanza, kwa kuogopa kuchekwa. Fundi hakuwa na uhakika siku ile, na alichukiwa msimu mzima. Alinifundisha jambo moja ambalo nimechelewa kulitenda: ukiogopa, sema, na uanze na aliye chini yako kabla hujapanda.