Gauni la Kwendea Harusi ya Babu

Nyuma kabisa ya hospitali kubwa, katika chumba cha kufulia na kupiga pasi, alifanya kazi mama mmoja ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Wote walimwita Bi Pasi. Daktari mkuu alimwita hivyo, wafagizi walimwita hivyo, na hata karatasi ya zamu iliyobandikwa mlangoni ilimwandika hivyo hivyo. Mwenyewe hakuudhika. Koti la daktari likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka kama limezaliwa jana, na shuka alizikunja pembe kwa pembe bila hata kuziangalia, huku akipiga soga na Sajenti, mzee wa mashine za kufulia, ambaye hakuwahi kuwa askari hata siku moja ila alizoea kuamrisha mashine zake: "Zunguka! Simama! Mwaga maji!"

Asubuhi moja, Bi Pasi akiwa amezama kwenye lundo la foronya, Sajenti alimwita kutoka mlangoni. "Bi Pasi, una mgeni. Kavaa viatu vya kung'aa, sijui anakuja kukuposa?"

Alikuwa Babu.

Babu hakuwa babu wa mtu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, fundi wa friji. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, kwa kuwa alikuwa akitembea mikono nyuma, akitikisa kichwa, na akiulizwa kama ameshiba anajibu, "Tutaona." Bi Pasi ndiye aliyempachika. Wakati huo alikuwa ameolewa na baba yake, na mama mzazi wa mtoto alikuwa amekwenda nchi ya mbali kufanya kazi, ndoa yake ikiwa imekwisha. Bi Pasi alimlea Babu miaka tisa. Alimfundisha kufunga kamba za viatu, alimuuguza tetekuwanga, alimpigia pasi mashati ya shule kila siku ya Mungu. Kisha ndoa ile ya pili nayo ikaisha, bila matusi wala kurushiana sahani. Ilipoa tu, kama maji ya kuoga. Mama mzazi alikuwa amerudi, na Babu, akiwa na miaka kumi na mitatu, akaenda kuishi naye. Ndivyo ilivyostahili. Bi Pasi alijikaza kisabuni, akafunga begi la mtoto kwa mikono yake, na tangu hapo wakawa wanaonana mara moja moja.

"Mama mdogo," Babu alisema, akimpa kadi kwa mikono miwili. "Naoa. Baada ya wiki tatu, Jumamosi, saa nane mchana. Usikose."

"Nikose vipi?" Bi Pasi alifuta mikono kwenye aproni mara tatu kabla ya kuishika kadi. "Umekonda wewe. Unakula?"

"Nakula."

"Tutaona," alisema Bi Pasi, na wote wawili wakaangua kicheko.

Kijana alipoondoka, Bi Pasi aliisoma kadi kuanzia maandishi ya dhahabu hadi jina la mchapishaji pale chini. Kisha akili ikamrukia kwenye jambo moja tu.

"Sajenti, nitavaa nini?"

"Nguo," alijibu Sajenti.

Mwanamume hawezi kuelewa. Kwenda harusini ni jambo jepesi ukiwa jirani, au mfanyakazi mwenza, au rafiki wa bibi harusi. Lakini yeye angekwenda kama nani? Hakuwa mama, maana mama yupo, mzima wa afya, na siku hiyo ni yake. Tena hakuwa mgeni wa kukaa karibu na mlango na kuuliza choo kiko wapi. Akivaa kwa kishindo, watu watasema anajitia mama. Akivaa hovyo, watasema ana kinyongo. Alitaka nguo itakayosema "nimefurahi" na kunyamaza hapo hapo.

Jioni ile nyumbani alifungua kabati. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili, sakafu inayong'aa, na kabati ambamo kila kitu kilijua mahali pake. Alitoa gauni la zambarau, lile lenye shanga kifuani, alilolivaa mara moja tu kwenye sherehe ya kumuaga muuguzi mkuu. Alilivaa, akasimama mbele ya kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia, akavuta tumbo ndani. Halikuwa baya. Ukweli wa mambo, lilimpendeza hadi yeye mwenyewe akaona haya kidogo.

Hapo hapo mlango ukagongwa, na kabla hajajibu akaingia wifi yake wa zamani, shangazi yake Babu. Huyu waliompa jina la Redio hawakukosea. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye moyo mweupe na mdomo usio na kifuniko. Kaka yake aliacha wake wawili, lakini yeye hakuacha wifi hata mmoja. Kwake wifi akiingia haondoki.

"Wifi!" Redio alipiga makofi. "Ndilo hilo hilo! Usijaribu lingine. Utaingia pale watu wasahau kula."

"Sitaki wasahau kula, wifi. Nataka wasinione sana."

"Basi ungezaliwa mfupi."

Bi Pasi alicheka, akalivua gauni, akalipiga pasi upesi upesi ingawa halikuhitaji, akalitundika kwenye mlango wa kabati. Alilala roho imetulia.

Utulivu ule ulidumu siku nne. Siku ya tano, wakati wa mapumziko ya kazini, simu ikalia.

"Wifi, balaa!" Redio alikuwa akihema. "Nimetoka kwa mama yake Babu sasa hivi. Ameshonesha zambarau! Zambarau tupu, kuanzia bega hadi kisigino!"

Bi Pasi aliweka kikombe chini. "Basi mimi sivai."

"Lakini wifi, lako zuri…"

"Sivai, wifi. Siku hiyo ni yake. Nitavaa rangi nyingine yoyote. Wewe unawajua wote. Rangi gani imebaki?"

Redio alifikiri kwa sauti, kama kawaida yake. Upande wa bibi harusi watavaa njano. Wasimamizi, buluu. Marafiki wa kazini wa Babu wamesema kijivu. "Kijani, wifi. Kijani hakina mwenyewe."

Bi Pasi hakuwa na gauni la kijani. Alijaribu kwanza kutumia lile la kahawia, alilozoea kuvaa popote asipojua avae nini, akalibeba hadi kazini kumwonyesha Sajenti. Sajenti alizima mashine moja ili aone vizuri.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Mzee wewe, mdomo wako!"

"Umeniuliza, nimejibu. Mtoto uliyemlea anaoa, unakwenda umevaa rangi ya mlango?" Akawasha mashine yake tena. "Zunguka!"

Basi siku ya mapumziko Bi Pasi akaingia dukani, akapapasa vitambaa kwa vidole vyake vya kazi hadi muuza duka akachoka kukunjua majora. Mwisho akakipata: kijani cha jani changa, kizito kiasi, kisichokunjamana ovyo. Akampelekea fundi cherehani wa mtaa wa pili, mama mmoja mwenye pini mdomoni muda wote.

"Shingo iwe ya heshima," Bi Pasi alimwambia. "Mikono hadi hapa. Shanga sitaki. Mkanda mwembamba tu."

"Unakwenda kama nani?" aliuliza fundi, pini zikicheza midomoni.

Bi Pasi alisita. "Kama mgeni," alisema.

Fundi alimtazama, akampima kifua, akaandika. Hakuuliza tena. Lakini gauni lilipokuwa tayari, Bi Pasi aliona ameongeza mshono mwembamba wa dhahabu kwenye mkanda. "Hata mgeni ana roho," fundi alisema, na hakutaka kubishana.

Jumamosi ikafika, anga safi. Bi Pasi alioga, akavaa, akajitia marashi kidogo nyuma ya masikio, akashika zawadi yake, shuka nne alizozipiga pasi mwenyewe. Akapiga moyo konde, akatoka. Ukumbi ulikuwa na ngazi pana na mlango wa vioo, na watu wamejaa hadi nje. Alipanda ngazi taratibu, akijiambia atasalimia, atakaa meza ya katikati, atakula keki, ataondoka.

Mlangoni palisimama mama yake Babu, akipokea wageni. Alikuwa amevaa kijani. Si kijani cha kufanana fanana. Kijani cha jani changa, shingo ya heshima, mikono hadi pale pale.

Bi Pasi aliganda kwenye ngazi ya mwisho. Damu ilimpanda hadi masikioni. Alifikiria kugeuka, lakini nyuma yake watu walikuwa wanapanda. Watu wa mlangoni walianza kuangalia huyu, kisha yule, kisha huyu tena. Baba mtu, aliyekuwa amesimama hatua chache ndani ya ukumbi, alipowaona wake zake wa zamani wamevaa sare alikumbuka ghafla kwamba ana kiu, akapotelea upande wa vinywaji.

Mama yake Babu naye alikuwa amebaki mdomo wazi. Alimtazama Bi Pasi kuanzia shingoni hadi kwenye viatu. Kisha akauliza neno moja tu, kwa sauti ya chini.

"Redio?"

"Redio," alijibu Bi Pasi.

"Aliniambia wewe utavaa zambarau. Kasema limekukaa vizuri ajabu. Nikasema, mwache avae dada wa watu, mimi nitatafuta rangi nyingine. Nikamuuliza rangi gani imebaki."

"Akakwambia kijani hakina mwenyewe."

"Neno kwa neno!"

Aliyeanza kucheka hajulikani. Walicheka hadi mama yake Babu akashika nguzo, na Bi Pasi akafuta machozi kwa pembe ya karatasi iliyofungia zawadi. Zambarau mbili zilikuwa zimelala makabatini, kila moja ikimwachia mwenzake nafasi. Ndani ya ukumbi Redio mwenyewe alichungulia, akaona alichokiona, akajificha nyuma ya keki, ingawa haikutosha kumficha.

"Nitakaa kule nyuma," Bi Pasi alisema walipotulia. "Hawatatuona pamoja."

"Ukikaa nyuma watasema tumekosea." Mama yake Babu alimshika mkono. "Ukikaa na mimi watasema tumepanga. Twende mbele."

Wakaenda mbele, bega kwa bega. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi aliwainukia kwa adabu akauliza kama ni mapacha, na mama yake Babu akamjibu bila kupepesa macho kwamba Bi Pasi ndiye kurwa. Mpiga picha, aliyekuwa hajui hili wala lile, aliwapanga mmoja kulia na mmoja kushoto kwa bwana harusi. "Mama wote wawili, sogeeni kidogo," alisema, na hakuna aliyemsahihisha. Babu alikuwa amevaa suti, kola imesimama sawasawa. Bi Pasi aliikagua kwa jicho la kazi, akaridhika.

"Mmependeza," Babu alisema, na kwa kuwa alikuwa mwanamume, na siku hiyo alikuwa na mengi kichwani, hakuona kingine chochote.

Baada ya keki na hotuba, muziki ulipopanda na vijana wakaishika sakafu, mama hao wawili walitoka kwenye kibaraza cha pembeni kupunga upepo. Walivua viatu. Jua lilikuwa bado liko juu, na kutoka ndani ilisikika sauti ya Redio ikiwafundisha vijana kucheza.

Mama yake Babu alivutavuta mshono wa mkono wake.

"Dada, ulikuwa unanitumia picha zake kule nilikokuwa," alisema. "Kila picha shati limepigwa pasi, mkunjo umesimama. Nilikuwa nazitazama nikirudi kutoka kazini. Nikasema, anayempigia pasi hivi hawezi kumlaza na njaa. Nililala usingizi kwa sababu yako. Sikuwahi kukwambia."

Bi Pasi aliunyoosha mshono ule kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa.

"Lakini picha hazisemi," mwenzake aliendelea. "Kuna vitu sivijui hadi leo, na yeye nikimuuliza ananijibu kizee chake kile. Jino lake la kwanza lilipong'oka, alilia?"

"Alie?" Bi Pasi alicheka. "Alilifunga kwenye karatasi, akalipeleka kwa mwalimu, akamwambia hilo ni lake, likipotea atamdai."

"Wewe!"

"Haki ya Mungu. Mwalimu akaja hadi nyumbani na jino mkononi."

Mama yake Babu alivuta kiti chake karibu, hadi kijani kikagusana na kijani. "Subiri, subiri," alisema. "Anza mwanzo. Siku ile ulipoingia ile nyumba, alikuwa wapi? Alivaa nini?"

Na Bi Pasi akaanza mwanzo.