Kioo cha Bi Harusi

Mimi nikipita Gombani hadi leo huinamisha kichwa kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha, na nyinyi jamaa zangu wa Jadida mmekuwa mkiniuliza sababu, basi leo nawapa, kwa sharti kwamba mkicheka mcheke mara moja mmalize, maana mwenyewe mkasa huu bado sijauelewa wote, nimeuelewa vipande vipande tu.

Mnanijua nilivyo. Skrubu ikikaa upande, silali. Ufundi wa gari sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa video za kwenye simu, nazisimamisha, nazirudisha nyuma, naandika (mimi huandika hata yale ambayo mtu hasahau, kwamba gari izimwe kabla ya kugusa waya), na kwa kuwa sina bwana aliyenifunza, kila kazi naifanya nikihisi kuna mtu nyuma yangu anasubiri nikosee ili aseme nilijua tu.

Sasa ami yangu, Ami Faki, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa anamwoza binti yake Rukia. Rukia na mimi tumekua nyumba moja, ananiita kaka, na tangu utotoni ndiye mtu pekee anayeweza kuniambia "tulia" nikatulia. Mume ni kijana wa Chake Chake, mtu mzuri, hana neno. Mwenye maneno ni bibi yake, Bi Thuwaiba, mtu wa ukoo uliokuwa na mashamba ya mikarafuu. Mashamba yalikwenda, masharti yakabaki. Bi Thuwaiba alituma ujumbe kwamba mjukuu wake amemwandalia mkewe kipa mkono cha maana, ile zawadi ya bwana harusi ya kumtazama mke uso kwa mara ya kwanza akiwa mke, kwa hiyo bi harusi atoke Wete hadi mlangoni kwake gari imefungwa vioo, asionwe na jicho la mpita njia. Na Rukia alikuwa anakwenda kukaa nyumba hiyo hiyo ya bibi huyo, kula naye, kupika naye. Akianza vibaya pale mlangoni, ataendelea vibaya miaka mingi. Hilo lilieleweka na kila mtu.

Ami Faki akaniambia gari ni yake lakini siku hiyo ni yangu, Rukia nitamwendesha mimi.

Gari ile ni ya Kijapani, nyeupe, iliingia Pemba ikiwa imeshazeeka. Vioo vyake vya nyuma vina tinti nzuri nyeusi, na kwa sababu vitufe vya kwenye milango ya abiria vilikufa siku nyingi, vioo vyote vinne vilipanda na kushuka kwa swichi ya mlango wa dereva peke yake. Swichi hiyo ilikuwa inafanya kazi. Narudia, ilikuwa inafanya kazi. Kosa lake lilikuwa vile vialama vya kuonesha kioo kipi ni kipi vimefutika kwa kushikwashikwa, na mimi sikuweza kuvumilia harusi ya Rukia ipite na swichi iliyofutika.

Nikaingia mtandaoni. Nikaikuta swichi mpya, inang'aa, ina vialama vyeupe, muuzaji yuko huko mbali wanakotengeneza kila kitu, na bei yake rahisi mpaka nikadhani nimeisoma vibaya. Nikamuuliza kama inafaa gari ya usukani wa kulia. Akanijibu kwa Kiswahili cha mashine: "Rafiki mpendwa, ndiyo, inafaa gari zote za familia, tafadhali furahi." Nikafurahi. Ningefanya nini?

Mzigo ulikuja kwa boti kutoka Unguja, harusi iko karibu, nikaifunga ile swichi. Nikabonyeza kitufe cha dereva, kikashuka kioo cha abiria wa mbele. Nikabonyeza cha abiria, kikashuka changu. Hapo nikajua kwamba swichi ile imetengenezwa kwa nchi ambazo usukani uko kushoto, kila kitu kimegeuzwa. Mtu mwenye akili angerudisha ile ya zamani. Mimi nikaona aibu (mbele ya nani, sijui, nilikuwa peke yangu), nikahamisha waya za vioo viwili vya mbele, nikavijaribu tena na tena mpaka jirani akauliza kama nafukuza nzi, vikawa barabara.

Vya nyuma sikuvigusa. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana wakati ule fikra yangu ilikuwa safi kabisa: nyuma atakaa bi harusi na somo yake. Bi harusi hafunguliwi kioo. Sasa nihangaike na waya za kioo ambacho hakitafunguliwa, ili iweje?

Siku ikafika. Ndoa ikapita msikitini salama, na baada ya sala ya alasiri tukaondoka Wete. Nyuma yangu, upande wa kulia, alikaa somo, Bi Mwache, mama mnene mwenye heshima zake, aliyemfunda Rukia na sasa anampeleka. Rukia alikaa kushoto, kafunikwa buibui na mtandio mzito juu yake. Kiti cha mbele kilijaa begi, chetezo, na sinia la maua. Ami Faki na wengine walikuja kwa magari ya nyuma. Mimi nimevaa kanzu mpya, na kwa sababu ya joto ndani yake nimevaa singlendi na bukta tu, ya timu yetu ya Wete. Nani ataiona?

Kiyoyozi gari ile haina. Vioo vyote vimefungwa, udi umejaa, tukafika Gombani hali zetu taabani, na pale uwanjani mechi ndiyo kwanza imekwisha, watu wamemwagika barabarani, gari zimesimama. Kwenye kioo changu cha katikati nikaona Rukia amefunua uso apumue. Si hilo tu, Bi Mwache alikuwa amemtolea bajia kwenye mkoba, maana mtoto wa watu hajala tangu asubuhi, na Rukia anatafuna mashavu yamemjaa. Nikasema haidhuru, tinti nyeusi, nani anaona.

Bi Mwache akasema, "Khalfan mwanangu, nifungulie changu kidogo, ntatapika."

Nikabonyeza kitufe cha nyuma kulia. Kioo cha Rukia kikashuka chote, mpaka chini, kwa mguso mmoja.

Nawaambia ukweli, sikuelewa. Mkono wangu uko kulia, upepo unatoka kushoto. Kundi zima la vijana waliotoka uwanjani wamesimama hatua moja kutoka mlangoni, na bi harusi anawatazama na bajia mdomoni. Nikasema nifunge haraka, nikavuta kitufe cha kushoto, kwa sababu kioo kilicho wazi ni cha kushoto, hiyo ndiyo akili. Hakikupanda. Nikakisukuma, kikashuka cha Bi Mwache. Sasa vyote viwili viko wazi, Bi Mwache ameanza Ayatul Kursi kwa sauti, akiamini kuna kitu kimeingia garini, na mimi nusu namwamini.

Kijana mmoja akawaambia wenzake taratibu, kama anayetoa habari, "Bwana harusi anatoa kipa mkono, sie tushaona bure."

"Na anakula vizuri," akasema mwingine. "Mashallah."

Nikatoka nje. Msiniulize kwa nini sikutulia nikabonyeza kitufe kingine, nimeshajiuliza mwenyewe. Nilizunguka gari mbio, nikasimama na mgongo wangu kwenye kioo cha Rukia, nikatanua kanzu huku na huku kama kuku anayekalia mayai, nikawaambia vijana wapite, hapa hakuna cha kutazama.

Ndani nikamsikia Rukia, ambaye siku hiyo hakutakiwa kufungua mdomo hata kwa salamu, akisema, "Kaka, tulia. Viko kinyume." Akapenya katikati ya viti akanyoosha mkono wenye hina hadi kwenye swichi, akavuta kitufe cha upande wa Bi Mwache. Kioo chake Rukia kikapanda vizuri mno, kikaishika kanzu yangu mgongoni na kuibana juu kabisa.

Nikataka kusogea, nikasikia uzi unakatika.

"Shusha kidogo," nikamwambia.

Kutoka ndani, sauti ndogo: "Kaka, kimetoka."

Kitufe kilikuwa kimebaki kwenye vidole vyake.

Nyuma magari yanapiga honi, Ami Faki ameshuka anakuja, amekunja uso, na mimi nimeshikwa na gari kama mwizi. Sikuwa na njia. Nikainama, nikajivua kanzu kwa kuipitisha kichwani mbele ya umma wote ule, nikabaki na singlendi na bukta ya timu ambayo, kumbe, ndiyo iliyofungwa muda ule ule.

"Alaa, mchezaji wao wa akiba huyu," wakasema. "Ndio maana wamefungwa, mwenzao kapeleka harusi."

Ami Faki alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema neno moja tu, "Endesha," akarudi garini kwake.

Nikaendesha. Bi Mwache upande wake akajifunika kwa kanga, na upande wa Rukia kanzu yangu ikawa inapepea nje yote, mikono inapunga njia nzima. Na nyinyi mnajua kisiwa chetu tangu vyama viwe vingi, kitambaa hakitoki dirishani bure: mzee mmoja wa dukani akauliza kwa sauti hicho ni chama gani kipya, na mwenzake akamjibu kwamba hata kikiwa kipya, dereva wake ameshavuliwa nguo.

Tukafika. Bi Thuwaiba amesimama mlangoni na bakora yake. Nilibaki kwenye usukani, nimejikunja, nimejifunika magoti kwa sinia la maua, nikisubiri kumsikia akimharibia Rukia maisha kwa sababu ya swichi yangu. Akaizunguka gari. Akaishika kanzu, akaivuta, akaona imebana.

"Mmeweka na pazia," akasema.

Akakigonga kioo kwa bakora.

"Watu wa Wete bado wana adabu," akasema, akamfungulia Rukia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Sikujua nicheke au nilie. Rukia akashuka kafunikwa barabara, akapita kando ya kioo changu, nilichokuwa nimekishusha, akaniachia kitufe mkononi bila kugeuka.

Baadaye aliniambia kwamba mumewe, kabla ya kutoa kipa mkono, alimwekea mbele sahani ya bajia. Rafiki zake walikuwa uwanjani. Yeye na mumewe wamecheka mpaka wakasahau kuoneana haya, na bibi hadi leo hajaambiwa, na nyinyi msimwambie.

Swichi ya zamani nimeirudisha, haina kialama hata kimoja, na mkono wangu unavijua vitufe vyake vyote. Nimejiapiza kwamba kitu cha kuagiza mbali sikifungi tena kwenye gari ya mtu, na nikikifunga, nitaanza kujaribu pale ambapo nina hakika hapatafunguliwa. Kanzu ina mstari mweusi mgongoni, haukutoka kwa sabuni yoyote.

Na muuzaji bado ananiandikia. "Rafiki mpendwa, umefurahi na swichi ya kioo? Tafadhali tuambie." Kila mara naanza kumjibu, kwa sababu mtu akiuliza ni adabu ajibiwe, na kila mara nafuta, sijui nianzie kioo cha upande upi.