Nafasi ni ya Kenya

Nilimaliza wa pili, na hakuna aliyeweza kuniambia kama hiyo ilikuwa habari njema au mbaya.

Tulikuwa katika nchi moja ya kusini, kwenye mashindano ya kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mbio, ya kuamua nani kutoka Afrika ataenda kwenye michezo mikubwa ya dunia, ile ya kila baada ya miaka minne. Nilikuwa nimeketi kwenye nyasi kando ya ziwa, maji yakinichuruzika mgongoni. Kocha wetu alikuwa amesimama karibu yangu, macho yake kwenye hema la waamuzi.

"Si wa kwanza ndiye anaenda?" nilimuuliza.

"Si lazima. Nchi yake ilipata nafasi kwenye mashindano ya dunia mwaka jana. Nchi haipewi mara mbili kwa mbio zile zile. Hiyo nafasi inashuka kwa anayefuata."

"Basi tumepita!"

"Tulia kwanza."

Aliyemtia wasiwasi ni msichana mmoja ambaye hakuwa hata majini. Alikuwa ameamka na homa, na njia yake ilibaki tupu mbio zilipoanza. Sheria ilitaka nchi za kutosha zishiriki, la sivyo bara halipewi kitu na nafasi inakwenda kwingine. Sasa mle hemani walikuwa wakibishana kama nchi iliyojiandikisha bila kuanza inahesabiwa. Nilikuwa nimepiga kasia hadi nikaona giza, na sasa kila kitu kilining'inia kwenye homa ya mtu nisiyemjua.

Tulingoja. Kocha alifungua chupa ya maji, akaifunga bila kunywa. Mwishowe mwanamke mwenye kofia pana akatoka hemani na karatasi, akaangaza huku na huku, akatuona.

"Kenya," alisema, akatikisa kichwa kukubali.

Nilipiga kelele hadi ndege wakaruka. Kocha alinishika mabega.

"Nisikilize. Nafasi ni ya Kenya. Haina jina lako. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Nyumbani Mashimoni, mtaa wetu wa Kibera, majirani walikuja hadi mlangoni. Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha mitungi yao wakaja kunikumbatia, na vijana wa kinyozi wakaniita Majini. Furaha hiyo ilidumu hadi wiki iliyofuata, kocha aliponipigia simu. Chama cha mchezo wetu kilikuwa kimekaa na kuamua. Kabla ya jina kupelekwa, nitashindana na mwenzangu wa Kawangware, na mshindi ndiye atakayesafiri.

Mwenzangu huyo alilelewa kando ya Ziwa Victoria kabla mama yake hajahamia Kongo, sehemu moja ya Kawangware. Tulikuwa tumefanya mazoezi pamoja miaka kadhaa kwenye bwawa nje ya jiji, na kwa kweli yeye ndiye aliyeshinda mchujo wa nchi. Kisha akashikwa na taifodi, akalazwa, mimi nikaenda badala yake. Chama kilisema ni haki apewe nafasi ya kujaribu. Nilijua ni haki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu sikuwa na wa kumkasirikia.

Nilimweleza nyanya yangu nikilia. Nyanya ni Mnubi, amezaliwa Kibera, na babu yake alikuwa askari aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudan. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo wewe ndiye ulileta, lakini si yako," alisema.

"Eeh, nyanya."

"Sisi tumejenga hapa tangu enzi za babu yangu. Tumezaa hapa, tumezika hapa. Na kila serikali ikija inatuuliza hii ardhi ni ya nani." Akanipa kitambaa nifute uso. "Nenda ukashindane. Usikae hapa kulia kama mtu ameshafukuzwa."

Siku mbili kabla ya shindano nilienda Kongo. Sikuwa nimepanga la kusema. Mama yake alikuwa akikaanga samaki kando ya njia, na aliponiona alikaza uso kidogo, kisha akavuta kiti.

"Keti, mtoto wangu. Huyo yuko ndani."

Mwenzangu alitoka. Alikuwa amekonda tangu hospitalini, lakini mabega yamerudi.

"Sasa," alinisalimia.

"Poa."

Mafuta yalichemka karaini. Zamani tungekuwa tumeshacheka.

"Umekuja kuniambia nijitoe?" akauliza.

"Hapana! Aki sijui nimekuja kufanya nini."

"Mimi najua. Unataka nikuambie pole. Siwezi. Nikikuambia pole nitakuwa nimeanza kukuhurumia, na nikikuhurumia utanipita." Alikuwa hanitazami. "Na wewe usijaribu kuniachia. Nitajua, na sitawahi kukusamehe."

"Siwezi kukuachia. Hata nikitaka."

Mama yake aligeuza samaki kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. "Hii nchi yenu," alisema, "kwani haina viti viwili?"

Katika mbio za mtu mmoja, Kenya ilikuwa na kiti kimoja tu.

Siku ya shindano upepo ulikuwa ukikatiza bwawa kutoka kushoto. Kayaki ya mbio ni nyembamba kama ganda la njugu, na ukiwaza jambo jingine inakutupa. Tulielea kwenye mstari, yeye kulia kwangu. Nilisikia pumzi yake. Kocha, aliyetufundisha sote wawili, alikataa kuanzisha mbio. Alimwachia mtu wa chama, akaenda kusimama mbali, mgongo ukiwa kwenye mti.

Filimbi ilipolia nilitoka vizuri. Hadi katikati nilikuwa mbele, na nilijua niko mbele kwa sababu sikuona pua ya boti yake. Nikawaza, usigeuke. Kisha ikatokea pembeni mwa jicho langu, nyekundu, ikarudi nyuma, ikatokea tena. Wimbi dogo la upepo liliigonga boti yangu ubavuni. Niliegemea kasia nisipinduke, pigo moja tu lililopotea, na pua ile nyekundu haikurudi nyuma tena. Mikono iliniwaka hadi sikuihisi. Tulivuka pamoja, au karibu pamoja, nami nikalala kifudifudi juu ya boti nikitapika maji na chai.

Mtu wa chama aliitazama video kwenye simu, akairudia, akamwita kocha naye aitazame. Kocha alitazama mara moja tu. Akaja hadi majini, akaingia na viatu vyake, akashika boti yangu. Sikuhitaji kuambiwa.

"Ni kidogo sana," alisema.

"Lakini ni yeye."

"Ni yeye."

Mwenzangu hakushangilia. Alikaa ndani ya boti yake, kasia likiwa magotini, akilia kwa sauti kama mtoto. Nilitaka kwenda kumshika nikashindwa. Nilibeba kayaki yangu hadi bandani, nikaipangusa polepole, nikaondoka bila kuaga.

Siku ya mbio zake kwenye michezo ya dunia tulizitazama Kongo, ndani ya hoteli yenye televisheni, watu wamejaa hadi mlangoni. Mama yake alikaa akitazama ukuta, mkono wake umeufinya wangu.

"Niambie," alinong'ona. "Mimi siwezi kuona."

"Ametoka vizuri, mama. Wako mbele yake. Anawakaribia. Vuta, vuta!"

Nilisikia sauti yangu ikikwaruza, na nikashangaa kwamba nilimaanisha kila neno. Alimaliza wa tano katika kundi lake, na safari yake ikaishia kwenye raundi iliyofuata.

Aliporudi alinipigia simu kabla hata hajatoka uwanja wa ndege. Alitaka kujua kama nitakuja bwawani Jumamosi.

"Nitakuja," nilisema. "Ila bado nina hasira na wewe."

"Njoo nayo," alijibu.