Bakteria wa Mama Nyandeng

Kwa mwaka mzima nimekana kwamba huwa natafuna mswaki wa mti ndani ya maabara. Leo nakiri: nilitafuna, tena kutwa, kama Mturkana yeyote anayejiheshimu.

Mwaka jana, 2012, pale kambini Kakuma, wateja watatu wa Mama Nyandeng, mkimbizi wa Sudan Kusini, walitapika. Kibanda chake cha chakula kikafungwa kusubiri jibu langu la maabara. Nikapaka supu yake kwenye kioo, nikaitia rangi. Mungu wangu! Vidudu vya duara, vya zambarau, vimeshikana kama zabibu! Nilipovilisha chakula chenye chumvi nyingi, vilistawi na kukigeuza njano. Nikavitia kwenye plazma, yaani maji ya damu, ikaganda. Stafilokoka, bakteria anayetoka puani, mdomoni na mikononi mwa watu na kutia chakula sumu! Nusura niruke ngoma yetu ya edonga peke yangu.

"Daktari, sufuria yangu iko safi," Mama Nyandeng alilia. "Juzi wewe mwenyewe ulikula, ukaongeza!"

"Bakteria hasemi uongo, mama," nikamjibu, mswaki mdomoni.

Nilituma supu Lodwar ithibitishwe, pamoja na chupa ya maji yaliyochemshwa ya kulinganishia, niliyoijaza kwa mkono wangu. Siku ya tatu akapiga simu Ekai, mkuu wa maabara ya huko.

"Ejok, dada," akanisalimu Kiturkana. "Bakteria wako tumempata."

"Si nilisema!"

"Yuko kwenye supu. Yuko pia kwenye maji uliyochemsha. Sasa niambie, dada, hiki kipande cha mswaki kinachoelea kwenye chupa ya maji, nacho ni cha Mama Nyandeng?"